Miaka 26 kwenye usukani wa dampa la mgodini: kazi yenyewe, usiku wake, na cherehani zinazonisubiri nyumbani

MzeeWaRampu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mara nyingi humu ndani naona vijana wanauliza kuhusu kazi ya kuendesha yale madampa makubwa ya migodini, malori ya kubebea mawe na udongo, na majibu wanayopata ni ya kwenye picha tu: tairi limemzidi mtu urefu, kuna ngazi ya kupandia, basi. Mimi nina miaka 26 kwenye kazi hiyo, mgodi wa wazi, shifti ya saa 12. Leo ni siku yangu ya pili ya mapumziko, deni la usingizi nimeshalilipa, nina nafasi ya kueleza. Nitaandika kidogo kidogo, mwenye swali aulize.

Nilianza na Caterpillar 777, gari la tani 90 hivi. Nikahamia 785. Sasa niko kwenye 793F, linabeba tani 227 kwa safari moja. Likishajaa, gari na mzigo wake vinakaribia tani 390, na uzito wote huo umekaa juu ya matairi sita yenye kimo cha mita tatu na nusu hivi. Injini ina nguvu farasi zaidi ya 2,500. Na bado yapo makubwa zaidi: 797F inabeba tani 363, na BelAZ 75710 ya Belarus, iliyotoka mwaka 2013, inabeba tani 450 kwa matairi manane.

Kitu ambacho picha haiwezi kukuonyesha ni hiki: gari hili linaendeshwa kwa masikio na mgongo. Usukani wake ni mwepesi, unauzungusha kwa kiganja kimoja. Lakini umekaa juu, mbali na ardhi, na ukubwa wa gari unakudanganya. Kilometa 30 kwa saa unaihisi kama mwendo wa kutembea. Kwa hiyo unajifunza kuisikia injini inapoelemewa, breki zinapoanza kunguruma, kiti kinapopiga pigo ambalo jana hakikupiga. Opareta mzuri anajua gari lake linaumwa kabla taa ya hitilafu haijawaka.

Naendelea baadaye, ngoja kwanza maswali.

Kijana_wa_Spana

Shikamoo mzee. Nimeendesha malori ya barabarani miaka sita, nataka kuomba nafasi mgodini. Kwa mtu kama mimi kigumu kitakuwa nini?

MzeeWaRampu

Marahaba kijana wangu. Vitu viwili: kutoona na kushuka mlima.

Barabarani umezoea kuona kila kinachokuzunguka. Huku kebini iko juu upande wa kushoto, na upande wa kulia kuna eneo kubwa ambalo kwako ni giza mchana kweupe. Pikapu nzima inaweza kusimama pale usiione. Ndiyo maana magari madogo yote mgodini yanafungwa mlingoti mrefu wenye bendera na taa juu, na hayasogei karibu na dampa mpaka yaombe ruhusa kwa redio na opareta ajibu. Ndiyo maana pia tuna lugha ya honi: moja nawasha injini, mbili naenda mbele, tatu narudi nyuma. Ukishapiga, unasubiri. Hizo sekunde chache za kusubiri ni za yule mtu usiyemwona, awahi kutoka. Nimewahi kupiga honi mbili asubuhi moja, nikasubiri, mara nikaona kofia ngumu ya njano inatokea chini ya bampa la mbele. Alikuwa fundi mgeni, amepitia mbele ya gari bila kuomba njia. Miguu yangu iliisha nguvu. Ningekuwa na haraka siku ile, leo nisingekuwa na habari ya kuwasimulia.

Kushuka sasa. Rampu, yaani barabara za mteremko za kuingilia na kutokea shimoni, nyingi zina mwinuko wa asilimia 8 hadi 10, yaani kila mita 10 unazokwenda unapanda au unashuka mita moja hivi. Kwa miguu ni kitu kidogo. Kwa tani 390 ni habari nyingine kabisa. Hatushuki kwa kukanyaga breki na kuachia kama kwenye fuso. Kuna ritada, mfumo unaolizuia gari lisichukue kasi mteremko wote. Kwenye gari langu ni breki zile zile za diski zinazopozwa kwa mafuta. Kwenye madampa ya umeme, kama Komatsu 930E, mota za magurudumu zinageuka kuwa jenereta, na umeme wake unachomwa kuwa joto kwenye rezista zinazopozwa kwa feni. Ukisimama mbali unausikia ule mngurumo.

Gia unaichagua ukiwa bado juu, kabla pua ya gari haijainama. Ukishaanza kuteremka ukagundua uko kwenye gia kubwa, umeshachelewa, usianze kubahatisha. Hili nawaambia wanafunzi wangu wote siku ya kwanza, na siku ya mwisho nawaambia tena.

DadaGreda

Shikamoo baba. Mimi ni opareta wa greda, mwaka wa tisa. Nimefurahi kukuona hapa. Naomba uwaeleze na habari ya mawe barabarani, maana madereva wapya wanaona aibu kusimama na kuita.

MzeeWaRampu

Marahaba mwanangu, asante kwa kulileta. Wakuu, huyu na wenzake ndio wanaotuweka hai, naomba mlijue hilo. Dampa bila greda, bila doza na bila boza la maji ni jengo lililosimama.

Habari iko hivi. Shoveli, ule mtambo wa kuchotea mawe, inajaza gari kwa ndoo tatu mpaka tano. Ikijaza vibaya, mzigo ukakaa upande mmoja, mawe yanadondoka njiani. Jiwe la ukubwa wa kichwa lenye ncha, gari lililojaa likilikanyaga, linaweza kulimaliza tairi ambalo lilikuwa na miezi mingi mbele yake. Kwa hiyo ukiliona, unasimama mahali salama, unaita kwenye redio, unasubiri wasafishe. Kijana anaona aibu kwa sababu nyuma yake kuna madampa manne yamepanga foleni. Aibu hiyo aimeze. Sijawahi kumlaumu mtu aliyesimama.

Tena tairi haliharibiki kwa jiwe tu, linauawa na joto. Uzito mara mwendo, saa baada ya saa, joto linajikusanya ndani ya mpira mnene na halitoki upesi. Kila tairi lina kipimo chake cha tani-kilometa kwa saa, na ukikipita linaanza kuachana tabaka kwa tabaka kutokea ndani huku nje linaonekana zima. Kwa hiyo mtu anayejisifu kwamba amepiga safari nyingi kuliko wenzake, mimi namuuliza kwanza matairi yake yana hali gani.

Na hili wote mlishike, hata msio wa mgodini. Gari likiguswa na radi, au kichanja, ile sehemu ya kubebea mzigo, kikigusa waya wa umeme, usilisogelee hata kama halitoi moshi. Mpira unaweza kuungua ndani kwa ndani na tairi likapasuka saa nyingi baadaye kama bomu. Utaratibu uliozoeleka ni kuwaondoa watu mita 300 na kuliacha gari saa 24.

Mtafiti_Huru

Mzee, kingo za barabara zile, lile tuta la udongo pembeni, kweli linaweza kuzuia gari la ukubwa huo?

MzeeWaRampu

Swali lako limegusa kidonda, lakini nitalijibu.

Lile tuta tunaliita bermu. Kanuni inayotumika ni kwamba lisipungue nusu ya kimo cha tairi la gari kubwa kuliko yote yanayopita pale. Kwa gari langu ni karibu mita 1.8. Halijengwi kama ukuta wa kugonga na kurudi. Linakupa taarifa, linakupunguzia mwendo, linalipandisha tairi kidogo ili ushtuke.

Mimi lilinishtua. Mwaka wangu wa 11, usiku wa nne mfululizo, saa kumi kasoro alfajiri. Nilikuwa narudi mtupu kuelekea shimoni. Nakumbuka taa za gari lililokuwa mbele yangu, vumbi, mlio wa redio mtu akiomba mafuta. Halafu sikumbuki kitu. Kilichoniamsha ni usukani kunivuta mkono wa kushoto na kebini kuinama. Tairi la mbele lilikuwa limepanda bermu, udongo unamiminika, na mbele ya kioo hapakuwa na barabara, palikuwa na giza. Nilikanyaga breki. Gari likasimama limeinamia pembeni vile vile. Nilivuta breki ya kuegesha, nikaita dharura, nikakaa. Mikono ilikuwa haikubali kuachia usukani. Chini ya ile bermu kulikuwa na mita zaidi ya 20.

Msimamizi wa zamu siku ile aliniuliza kwanza kama gari limeumia. Hilo liliniuma miaka mingi, na bado naliona ni kosa. Siku nne kabla nilikuwa nimemwambia kwamba mchana silali vizuri, kuna ujenzi jirani na ninapoishi, akanijibu nijikaze. Usingizi haujikazwi wakuu. Kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri mwili wa binadamu unataka kulala, uwe umezoea zamu za usiku au hujazoea. Hakuna opareta sugu wa usingizi. Kuna aliyeita kwenye redio akasema "nimechoka, napumzika", na kuna anayesubiri bermu imwambie.

Tangu siku ile ninaposikia kope zinakuwa nzito mara ya pili, nasimama. Dakika 20 za kufumba macho kwenye eneo la kuegesha, kisha natembea kuzunguka gari. Kahawa nakunywa mwanzoni mwa zamu tu, maana ya saa tisa usiku inakuja kukunyima usingizi wa asubuhi, na usingizi wa asubuhi ndio unaoendesha gari usiku unaofuata. Siku hizi kuna kamera kwenye kebini zinazosoma macho ya dereva, ukisinzia kiti kinatetemeka na king'ora kinalia. Wapo wenzangu wanaziziba kwa karatasi wakisema zinawapeleleza. Naelewa hasira yao, hasa pale zinapotumiwa kumwadhibu mtu badala ya kumpumzisha. Lakini msizizibe. Nawaomba.

Kijana_wa_Spana

Mzee nimesoma hii mara mbili. Asante sana. Pole kwa yaliyokukuta.

Nuru_K

Pole sana mzee wetu. Kwenye kichwa cha uzi umetaja cherehani. Nimesubiri ufike hapo. Inakuwaje mtu wa tani 227 anakwenda kukaa na cherehani?

MzeeWaRampu

Asante Nuru. Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo.

Mwili unashuka kwenye gari, lakini gari halishuki mwilini. Saa 12 za kutikisika, ukifika nyumbani umelala kitandani na bado unahisi kitanda kinatetemeka. Masikio yanavuma. Mtu wa nyumbani akikuita, unajibu kwa sauti ya redioni, mkato mkato: "Nimepokea." Mke wangu aliniambia siku moja kwa upole kabisa, "Hujarudi bado." Nilikuwa nimekaa mbele yake nusu saa nzima.

Baada ya lile tukio la bermu nilipewa wiki mbili za kupumzika. Nyumbani kulikuwa na cherehani ya kukanyaga ya marehemu mama, Singer nyeusi yenye maua ya dhahabu yaliyofutika, imekwama gurudumu haligeuki. Nikaifungua kwa kukosa la kufanya. Mafuta ya zamani yalikuwa yamegeuka gundi. Nikaweka mafuta ya taa tone kwa tone kwenye kila tundu, nikaacha usiku kucha, asubuhi nikashika gurudumu nikalitikisa kidogo mbele, kidogo nyuma. Siku ya tatu likageuka. Nilisikia ile "tiki, tiki, tiki" ya sindano ikipanda na kushuka bila uzi, na ndiyo mara ya kwanza katika zile wiki mbili kifua changu kililegea.

Tangu hapo nimetengeneza za majirani, za mafundi nguo, za ndugu, sina hesabu. Najua wengi mnaona ni vitu viwili vilivyo mbali. Mimi naona ni sikio lile lile. Cherehani ikiruka mshono, mkono unakuambia kabla ya jicho. Ila huku naruhusiwa kukosea. Nikikaza skrubu kupita kiasi, kitambaa kinakunjamana, nalegeza, yamekwisha.

Ngoja niwaeleze kitu kimoja kinachonifurahisha kuliko vyote. Watu wengi wanadhani sindano ndiyo inayoshona. Sindano inashuka na uzi wa juu mpaka mwisho wake wa chini, halafu inaanza kupanda. Inapopanda kidogo tu, kama milimita mbili, uzi ule unalegea nyuma ya sindano na kufanya kitanzi kidogo sana. Ni wakati huo huo ambapo ncha ya shato, kile chuma cha chini kinachozunguka bobini, inapita, inakidaka kile kitanzi, inakizungusha kwenye bobini, na uzi wa juu unafungana na wa chini. Shato ikiwahi, kitanzi hakijafunguka. Ikichelewa, kitanzi kimeshakufa. Nazima taa ya chumba, nawasha tochi ndogo, nageuza gurudumu kwa mkono polepole mpaka nakiona kile kitanzi kinafunguka. Naweza kukaa hapo saa nzima. Nikiinuka pale nimesharudi nyumbani.

DadaGreda

Baba umenigusa. Mimi nyumbani ni bustani ya maua, na sikuwahi kupata maneno ya kueleza kwa nini siku ya kwanza ya mapumziko lazima nishike udongo laini.

FundiBobini

Mkuu mimi ni fundi nguo. Cherehani yangu inaruka mshono kwenye kitambaa kizito tu, chembamba inashona safi. Nimekaza uzi, nimelegeza, wapi.

MzeeWaRampu

Kaka, acha kwanza uzi. Badilisha sindano. Weka mpya, namba kubwa kidogo, 16 au 18 kwa kitambaa kizito, na uhakikishe umeisukuma mpaka juu kabisa kabla ya kukaza skrubu, upande bapa ukiangalia unakotakiwa kwa mashine yako. Sindano nyembamba kwenye kitambaa kizito inapinda kidogo, kitanzi kinahama, shato inapita hewani. Ukimaliza, safisha vumbi la nyuzi chini ya yale meno yanayosukuma kitambaa. Halafu uniambie.

Mtafiti_Huru

Mzee, magari yanayojiendesha je? Huoni kazi hii inakwisha?

MzeeWaRampu

Yapo, na si habari ya kesho. Komatsu waliyaingiza kazini mwaka 2008 kwenye mgodi wa shaba wa Gabriela Mistral, Chile, na mwishoni mwa mwaka huo huo kampuni ya madini ya Rio Tinto wakaanza kuyajaribu Pilbara, Australia. Leo yako kwa maelfu duniani. Halilali, haliendi msalani, linakanyaga alama ile ile kila safari mpaka wanalazimika kulibadilishia njia kidogo ili lisichimbe mtaro barabarani.

Sitawadanganya vijana kwamba haiwahusu. Inawahusu. Kijana anayeingia leo ajifunze dampa, lakini ajifunze na greda, doza, shoveli, na asiogope chumba cha kuongozea mitambo. Kilichonisumbua mimi ni jinsi baadhi ya wakubwa wanavyolizungumza jambo hili, kama vile opareta alikuwa kasoro ya gari ambayo sasa imerekebishwa. Miaka yote hii nani alikuwa anawaambia kwamba barabara imeanza kutitia, kwamba ukuta wa shimo unadondosha vijiwe leo na jana haukudondosha? Ni mtu aliyekuwa kwenye kebini. Maarifa hayo yachukuliwe kabla hatujastaafu. Mtuulize.

Binti_wa_Zamu

Shikamoo baba. Sijui kama ni mahali pake. Baba yangu anaendesha dampa, mwaka wa 17 huu. Akirudi haongei. Anakaa tu sebuleni na televisheni imewashwa, haangalii. Tukimsemesha anakasirika. Mama ameshazoea. Mimi nilikuwa nafikiri hatupendi. Tangu jana nasoma uzi huu.

MzeeWaRampu

Marahaba mwanangu. Ni mahali pake kabisa.

Siwezi kumsemea baba yako, simjui. Nitakwambia yangu. Saa ya kwanza baada ya zamu mimi nasikia kila sauti ya nyumbani kama inatoka redioni, na kila sauti ya redioni kwetu ni jambo la kushughulikia haraka. Mtoto akisema "baba", mwili wangu unaruka kama nimeitwa dharura. Ile hasira ni mshtuko, mwanangu. Wanangu walilipa gharama hiyo miaka mingi kabla sijaielewa, na nimewaomba radhi mmoja mmoja.

Jaribu hivi. Saa hiyo ya kwanza msimsemeshe, lakini msimkimbie. Kaa naye. Fanya kitu cha mikono karibu yake, chochote, kushona kifungo, kuchambua karanga, kurekebisha spika ya simu. Usimwombe msaada. Acha aone. Na siku yake ya pili ya mapumziko, si ya kwanza, umuulize kuhusu gari lake. Usimuulize "kazi ikoje". Muulize ritada ni nini.

Pia apime masikio. Kikomo kinachotumika sana ni desibeli 85 kwa saa nane, na sisi tunakaa 12. Mimi sikio la kushoto limepungua, na kwa miaka watu walidhani nawapuuza.

FundiBobini

Mkuu nimeweka namba 18. Nimeshona tabaka nne za turubai, hakuna hata mshono mmoja ulioruka. Mungu akubariki.

MzeeWaRampu

Safi sana kaka. Hiyo ya zamani itupe, usiirudishe kwenye kopo.

Binti_wa_Zamu

Baba, nimerudi. Jumamosi nilikaa na redio ndogo mbovu, nikaifungua mezani karibu naye. Sijui chochote kuhusu redio. Amekaa kimya kama dakika 40. Halafu akasogeza kiti, akaniambia nimeshika bisibisi vibaya. Jana nikamuuliza ritada ni nini. Ameongea mpaka mama akaja kukaa. Amechora rampu kwenye karatasi, na lile tuta la pembeni, na akasema na yeye liliwahi kumshika usiku mmoja. Mama alikuwa hajui.

MzeeWaRampu

Mwanangu, nimesoma ujumbe wako nikiwa naegesha gari, nikaizima injini nikausoma tena. Mpe salamu zangu. Mwambie ni kutoka kwa mtu wa 793. Na hiyo redio, mwachieni mezani, msiitoe.

Naingia zamu ya usiku saa kumi na mbili jioni, narudi hewani Alhamisi. Maswali yawekeni, nitayakuta.